Orki wa 1:12: nipake vipi ngozi mpya bila rangi kubanduka kwenye viungo?

Mkuki_wa_Chuma:
Wakuu, habari za jioni. Nina sanamu ya orki (jitu la hadithi za kubuni) wa Mythic Legions, zile sanamu zenye viungo vinavyochezeka, kipimo cha 1:12. Ngozi aliyotoka nayo kiwandani ni kijani kibichi. Nataka awe orki wa milimani: ngozi ya kijivu-kijani, pembe za mdomoni zilizochakaa, deraya yenye kutu na manyoya mabegani. Kichwa nataka kumvalisha cha orki mwingine. Nina rangi za akriliki (za maji) za Vallejo, brashi namba 2 na 0, na kopo la rangi ya kupuliza ya hadweya la kupakia mkono (yaani tabaka) wa kwanza wa rangi. Nahofia viungo hasa. Manyoya nayo hutengenezwa kwa kitu gani?

Gololi:
Mkuu, hilo kopo liweke kando kwanza. Sehemu laini za sanamu hizi ni PVC iliyotiwa vilainishi. Rangi ya kopo yenye tina (kiyeyushi cha rangi) ikikutana na vilainishi hivyo haikauki vizuri: inabaki inanata kwa wiki nyingi, pengine moja kwa moja, na vumbi lote linaganda humo. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Pakibonyea, ni plastiki laini. Hapo tumia rangi na praima (rangi ya msingi inayotangulia) za maji tu.

Mfungue kabla ya kugusa rangi yoyote. Chemsha maji, epua, subiri kama dakika moja, kisha zamisha kiungo nusu dakika hivi. Vuta kwa kunyoosha. Usizungushe, maana pini nyembamba za viwiko na vifundo vya mikono hukatika kwa urahisi zikizungushwa. Kisha osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Baada ya hapo usishike tena sehemu za kupaka kwa vidole vitupu.

Sasa viungo. Rangi hubanduka kwa sababu kiungo kilipimwa kibane bila rangi. Ukiongeza praima, rangi na vanishi, hakuna nafasi tena na vinasagana. Nafasi hiyo unaitengeneza wewe kwa msasa:

- Kiungo cha bawaba (kiwiko, goti): sugua zile pande mbili bapa zinazogusana, msasa namba 400 kisha 600.
- Kiungo cha gololi (shingo, bega, nyonga): acha gololi yenyewe, sugua ukingo wa tundu. Ukiipunguza gololi, kiungo kinalegea na sanamu haisimami.

Rudishia kiungo, kichezeshe mara kadhaa, kifungue utazame. Palipong'aa ndipo panaposuguana, ongeza msasa hapo. Sugua kwa maji ili vumbi lisiruke, na vaa barakoa.

Kipensele:
Naongezea upande wa rangi. Praima ya Vallejo ya poliyurethani inapakwa kwa brashi bila shida. Mikono miwili myembamba, halafu uache usiku mzima. Ukiikuna mapema inachunika kama ngozi ya maziwa, na watu wengi wakiona hivyo huilaumu praima wakati kosa ni haraka.

Ngozi ya kijivu-kijani: kijani cheusi sehemu 3, kijivu cha wastani sehemu 1, kahawia tone dogo la kuua ung'avu. Changanya nyingi ukaihifadhi kwenye kichupa, kwa sababu mchanganyiko uleule hutaupata mara ya pili na utauhitaji kurekebisha mikwaruzo. Kila mkono uwe mwembamba; mitatu hufunika bila kuzima mistari ya misuli.

Kivuli: watu hununua Agrax Earthshade, rangi nyepesi ya kahawia inayotuama kwenye mikunjo, wakaimwaga mwili mzima. Kwenye askari mdogo wa michezo ya mezani inapendeza, lakini kwenye kifua kipana cha 1:12 inaacha madoa yenye kingo. Ipunguze nusu kwa nusu na midiamu, ile akriliki isiyo na rangi ya kupunguzia (si maji, maji ndiyo yanayoleta hizo kingo), paka eneo moja moja, na dimbwi linalojikusanya ulifyonze kwa brashi kavu kabla halijashika.

Kung'arisha misuli usitumie nyeupe. Nyeupe juu ya kijani inatoa sura ya chaki. Tumia rangi ya mfupa ndani ya ule mchanganyiko wako, kidogo kidogo, kwenye mashavu, paji, kifundo cha kila kidole na juu ya misuli ya bega.

Kinachomfanya orki aonekane ana damu mwilini ni wekundu. Zambarau-nyekundu tone 1 kwa midiamu matone 7 au 8, ipitishe kwenye mdomo wa chini, ncha ya pua, kope, masikio na viwiko. Mara ya kwanza hutaona kitu. Rudia mara tatu.

Pembe za mdomoni: anza na kahawia nzito yote, halafu chora mistari myembamba ya rangi ya mfupa kutoka nchani kuelekea kwenye fizi, kila mstari uishie mahali tofauti. Shinani ibaki kahawia. Macho: nyeusi shimo zima, kisha rangi ya mfupa ukiacha ukingo mweusi, kisha mboni ya njano iliyokolea. Tone la vanishi ya kung'aa liwe la mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa ya mwili mzima, la sivyo litafunikwa.

Mama_Rangi:
Nyote mko sawa ila mmeruka jambo moja. Hata ukisugua vizuri kiasi gani, kiungo kinachochezeshwa kila siku kitakwaruzika. Swali ni kitaonekana vipi kikikwaruzika. Kijivu juu ya kijani kibichi, mkwaruzo mmoja unapiga kelele. Mimi ningeshauri ngozi yake iwe nzito na ibakie upande wa kijani, ukijivu uje kwenye miinuko tu ambako hakuna kinachosuguana. Ndani ya kiwiko na nyuma ya goti acha rangi moja nyembamba, bila kung'arisha. Kivuli cha pale kipo chenyewe.

Manyoya: epoksi ya kukanda, zile za sehemu mbili. Green Stuff hubaki na unyumbufu kidogo, haifai kusuguliwa msasa. Milliput inakuwa ngumu na inasuguka vizuri, ila ikiwa nyembamba inakatika. Zikande pamoja nusu kwa nusu. Vaa glavu, maana epoksi mbichi inawasha ngozi. Anza safu ya chini, chora nywele kwa ncha ya sindano yenye unyevu, iache ishike, ndipo uweke safu ya juu yake. Vishungi vipishane urefu na mwelekeo. Vikilingana vitaonekana vimechanwa na kitana.

Yabandike kwenye deraya ya bega, si kwenye mkono, na uuinue mkono mpaka juu epoksi ingali mbichi ili uone inapozuia. Haishiki yenyewe kwenye plastiki laini: kwaruza, toboa vitundu vya milimita 1, pachika vipande vya waya wa klipu ya karatasi, kisha finyanga juu yake.

Mkuki_wa_Chuma:
Shukrani sana wakuu. Nimejaribisha kichwa kingine, tundu lake ni kubwa kuliko gololi ya shingo, kinaning'inia. Nikitia supagluu ndani?

Gololi:
Ukiitia ukakirudishia, utakigandisha moja kwa moja. Ukitaka supagluu, paka gololi utando mwembamba, iache wazi ikauke kabisa, ndipo uvalishe. Pengo likiwa kubwa, jaza tundu kwa epoksi, paka gololi vaselini, kandamiza kichwa kwenye mkao unaoutaka, na epoksi ikianza kukaza kizungushe taratibu mara chache. Itatoka na umbo la gololi yenyewe. Vaselini ioshe yote kabla ya rangi.

Kipensele:
Kutu, kwa kuwa hujajibiwa: nyeusi kwanza, kisha rangi ya chuma kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke, ukipitia kingo tu. Halafu kipande cha sponji, kahawia nzito kwa kugusagusa, na rangi ya chungwa kidogo katikati ya kahawia hiyo. Kutu hukaa maji yanapotuama: chini ya misumari, kwenye mikunjo na maungio. Ukiitapakaza deraya nzima inageuka matope.

Mama_Rangi:
Na vanishi, kama uko mwambao, Dar au Mombasa, ipake kwa brashi. Ya kopo ikipulizwa kwenye unyevu mwingi inaweka ukungu mweupe juu ya kazi yote. Vanishi ya akriliki isiyong'aa, mikono miwili myembamba, na usirudishie viungo kabla ya saa 48. Nyuso mbili zenye vanishi changa zikibanana hugandana, na siku ukikunja kiwiko rangi yote inatoka na upande mmoja.