Mrejesho: tangi la chini la akwariamu ya maji chumvi
Wadau, niliuliza nifanyeje na tangi la kichujio (lile la chini ya akwariamu, maji ya samaki hupitia humo kusafishwa) lililojaa tope na kunuka. Asanteni, harufu imeisha.

Nilizima pampu, nikafyonza tope kwa mpira siku ya kubadilisha maji. Mawe yaliyomo tangini sikuyagusa, bakteria wanaovunja amonia wamo humo. Pampu ilikuwa imeshika ukoko mweupe wa chokaa. Niliiloweka kwenye siki na maji, ukatoka kwa mswaki tu, kisha nikaisuuza. Soksi ya kichujio (mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu) naifua mara kwa mara, bila sabuni.

Joto la Kisumu linapunguza maji haraka, basi naongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiondoki na mvuke. (Jirani anashangaa: ziwa lipo, wewe wanunua chumvi ya samaki!) Viputo vya hewa majini ndivyo bado vinanisumbua.