Redio ya kuzungusha kwa mkono ya kupeleka Mafia: nichague ipi?

Kilindoni_B
Wakuu, natafuta redio ya dharura ya kukaa na wazee kisiwani Mafia. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 wanataka kitu cha kusikilizia taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) hata umeme na mtandao vikikatika. Kariakoo zimejaa zenye hendeli, sola na tochi, na kwa macho zote ni zilezile. Kuna iliyoandikwa NOAA, bei yake imechangamka. Kuna haja ya kuongeza hela?

FundiMawimbi
Hiyo NOAA usiiongezee hata shilingi. Kitufe cha WB kinashika 162.400 hadi 162.550 MHz, mawimbi ya taarifa za hali ya hewa ya Marekani. Huku utasikia mkwaruzo tu. Chukua yenye FM na AM, SW (masafa mafupi) ikiwepo ni nyongeza nzuri. Mnara wa FM wa karibu ukizimika ndiyo basi, ila AM usiku husafiri mamia ya kilomita. Kama ni ya kidijitali, hakikisha ukitafuta vituo vya AM inaruka kwa hatua za 9 kHz. Za soko la Marekani huruka kwa 10 na vituo vingi vya huku zitavipita. Ya kutafuta kwa gurudumu haina shida hiyo.

Zaidi ya hapo unanunua betri, siyo hendeli. Tafuta ya lithiamu ya 2000 mAh au zaidi, inayofunguka kwa skrubu ili ibadilishwe. Kwa sauti ya chini itapiga saa 20 hivi. Hendeli ndogo hutoa kama wati 2: dakika 1 ya kuzungusha ni dakika 4 au 5 za redio, na kujaza betri nzima kwa mkono ni saa 4 hadi 5. Simu ya 5000 mAh ndiyo usiwaze kabisa, hapo unapata chaji ya kutuma ujumbe.

Ukizungusha, mizunguko 2 kwa sekunde inatosha. Ukikimbiza, gia za plastiki zinakatika meno, na gia za akiba haziuzwi.

PwaniSola
Naongezea upande wa sola. Kipaneli cha juu huwa cha wati 0.5 hivi, yaani 100 mA jua likiwa kali. Betri ya 2000 mAh itataka saa 20 za jua, sawa na siku nne nzuri, na wingu la kimbunga halikupi hata moja. Dukani itoe nje, kisha funika paneli kwa kiganja: taa ya chaji isipozimika, hiyo sola ni pambo. Washa AM huku tochi inawaka. Ikivuma sana, saketi yake ni mbovu.

Mimi ningechukua yenye nafasi ya betri za AA pia. Wakati wa shida AA tatu zinapatikana duka lolote la kijijini. Ila zisikae ndani miezi yote, zinavuja na kula vyuma.

Kilindoni_B
Asanteni sana. Itakaa kabatini muda mrefu, na chumvi ya bahari je?

FundiMawimbi
Mkuu, kinachoua hizi redio ni kabati. Lithiamu ikiisha kabisa na kuachwa hivyo, saketi ya ulinzi inajifunga; siku ya tukio utazungusha mpaka mkono uchoke na haitawaka. Wazee waichaji kila miezi mitatu kwa waya wa USB, ifike nusu au zaidi kidogo, kisha waiwashe dakika kumi. Waihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Alama ya IPX3 (kiwango cha kuzuia maji) ni ya kuvumilia manyunyu tu, ikizama maji imekwisha.

PwaniSola
Na antena irudishwe ndani ikiwa imefutwa kwa kitambaa kikavu. Kutu huanzia kwenye viungo vyake. Bandika karatasi nyuma ya redio yenye masafa ya vituo vinavyosikika pale Mafia, FM na AM, maana gizani hakuna atakayeyakumbuka.