Ekstenda ya HDMI: picha yakatika kila friji ikiwaka (Lamu)

BarazaLangoni
Assalam aleikum jamaa. Nina mkahawa mdogo hapa Langoni, chini jiko na kaunta, juu darini pa makuti ndipo wateja hukaa jioni. King'amuzi kiko kaunta, TV iko juu. Nyumba ni ya mawe ya kale, ukuta mnene, kutoboa sikutaka. Kwa hivyo waya umezunguka kwa ngazi mpaka juu, nimeupima, ni mita 38.

Ekstenda, ya kupeleka mbali picha na sauti ya HDMI, nimenunua Mombasa, ile seti ya vijisanduku viwili, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea. Boksi imeandikwa mita 60 kwa waya wa mtandao wa Cat6. Kijana wa mtaani akanibania vichwa kwenye ncha mbili za waya. Sasa picha yaja, safi kabisa, baada ya sekunde kama tano yapotea. Yarudi, yapotea tena. Mara nyingine yaja na vidoti vyeupe kama mtu amemwaga chumvi kwenye kioo. Na friji ya soda ikianza kunguruma, TV yawa nyeusi tii. Kijana amepima kwa kile kipima waya cha taa, moja mpaka nane zote zawaka kwa mpangilio. Asema waya ni mzima, ekstenda ndizo mbovu, nirudishe. Kurudisha ni boti mpaka Mokowe, kisha basi, na siku mbili mkahawa umefungwa. Jumamosi kuna mpira. Nifanyeje?

Nahodha_Shela
Nunua king'amuzi cha pili uweke juu, mambo yaishe 😂

BarazaLangoni
Na malipo ya kila mwezi utalipa wewe?

Mkomani84
Mimi ningetupa hivyo visanduku nikavuta waya wa HDMI moja kwa moja.

FundiWaya_Malindi
@Mkomani84 mita 38 kwa HDMI ya kawaida? Ukipita mita 15 hivi ushaanza kubahatisha. Iko ya fiba, inayopitisha mwanga, inayofika, ila kichwa chake ni kipana, na ukiikunja vibaya kwenye kona ya ngazi imekufa, haitengenezeki.

@BarazaLangoni usirudishe kitu bado. Kwanza shusha TV au chukua ndogo, weka visanduku vyote viwili juu ya kaunta, viunganishe kwa kiwaya kifupi kilichobanwa kiwandani. Pili, katikati hapo hamna ruta wala swichi ya mtandao? Ekstenda nyingi hazitaki kupitishwa humo, hata kama tundu ni lile lile la intaneti. Tatu, nisomee rangi za vichwa vyote viwili. Shika kichwa, ule ulimi wa plastiki wa kubana uangalie chini, waya uje upande wako, soma kutoka kushoto.

BarazaLangoni
Kwa kiwaya kilichokuja na ruta imecheza saa nzima bila kukonyeza, na friji imewaka mara tatu. Ruta katikati hamna. Rangi, huku na huku sawasawa: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia.

FundiWaya_Malindi
Basi ugonjwa ni huo. Ekstenda zako nzima.

Kijana amepanga rangi zinavyopendeza macho. Kile kipima taa huuliza kitu kimoja tu: namba 3 ya huku imefika namba 3 ya kule? Imefika. Hakijui namba 3 imesokotwa na nani. Kifaa chenyewe hutumia jozi 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Wewe kwenye 3 umeweka kijani-nyeupe na kwenye 6 umeweka buluu, nyuzi ambazo hazikusokotwa pamoja. 4 na 5 vivyo hivyo.

Kusokota si pambo. Friji ikiwaka inarusha kelele ya umeme, na nyuzi mbili zilizosokotana huipokea kwa kiasi karibu sawa. Kisanduku cha juu husoma tofauti baina yao, kelele ikajifuta. Ukizitenganisha kila uzi unakuja na kelele yake. Kwenye mita moja hutaona kitu, kwenye 38 ndiyo hiyo chumvi kwenye kioo.

Kata vichwa vyote viwili, panga hivi: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo kabla ya kichwa.

Mkomani84
Si bora waya wa daraja la juu, Cat7 kabisa?

FundiWaya_Malindi
Ukiipanga hivyo hivyo, hata Cat7 itakukonyezea. Ila ukishakata, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo kwa masafa haya ni kero, hasa kama kisanduku cha juu kinapata umeme kupitia waya huo huo.

BintiShela
Nami niongeze la kwetu huku ufukoni. Kichwa cha waya usikiache wazi darini. Sisi tulikiacha msimu wa kusi, vile vimeno vya shaba vikawa kijani kwa chumvi, picha ikaanza mchezo huo huo wakati rangi zimepangwa sawa. Kisanduku kiweke ndani ya boksi ya plastiki, tundu la waya liangalie chini maji yasiingie.

BarazaLangoni
Ijumaa, saa 4 usiku. Tumekata, tumepanga upya, uzi ni mwekundu mpaka ndani alhamdulillahi. Picha imetulia! Friji ikiwaka ilikuwa bado yakonyeza mara moja tu. Nikapanda na tochi, nikakuta kwenye ngazi kijana amefunga waya wangu pamoja na waya wa umeme wa friji, kama mita 6 zimekumbatiana. Tumezitenganisha shubiri moja na nusu, imekwisha. Kijana mwenyewe amesoma hapa, ameandika rangi kwenye plasta akaibandika kwenye koleo lake.

Imebaki moja. Kubadilisha chaneli lazima nishuke kaunta na rimoti.

FundiWaya_Malindi
Kwenye seti hamkuwa na vijiwaya viwili vyembamba, kimoja kina jicho jeusi nchani? Chenye jicho kinachomekwa juu kwa TV, mwenzake chini mbele ya king'amuzi. Rimoti utaitumia huko huko darini.

BarazaLangoni
Lo! Nilidhani ni vya kusikilizia muziki, nimempa mtoto achezee. Naenda kuvitafuta chini ya kitanda.