Re: Mtoto mwenye pumu ya ngozi na joto la Dar la Desemba

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko. Tunatua Dar katikati ya Desemba, wiki nne, tutafikia kwa bibi yao Mbagala. Wa mwisho ana miaka mitatu na pumu ya ngozi imemwanza akiwa na miezi mitano. Hapa London baridi ikiingia tu, viwiko na nyuma ya magoti vinapasuka. Je, joto la nyumbani litampa nafuu, au ndiyo tunamwongezea? Bibi ameshasema tumlete hivyo hivyo, mtaani kwao kuna dawa ya kupaka inayomaliza kwa siku tatu. Naombeni uzoefu wenu.
Mama wa watatu, London

---

Mama wa watatu, karibuni sana nyumbani. Nilirudi Dar 2019 baada ya miaka saba Birmingham, wa kwangu akiwa na miaka minne na ngozi hiyo hiyo. Nakaa Tabata.

Nianze na dawa ya siku tatu, maana ndiyo iliyotuumiza. Sisi tuliletewa kikopo kidogo cheupe, hakina jina wala tarehe. Siku ya pili ngozi ilikuwa laini kama ya kichanga. Nilifurahi, sikuficha. Tukapaka miezi miwili. Siku tuliyoacha ikarudi kwa hasira kuliko mwanzo, na kwenye mkunjo wa kiwiko ngozi ilikuwa imekonda hadi mishipa inaonekana. Daktari wa ngozi aliniambia krimu nyingi za aina ile zina steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, tena kali sana, mara nyingi klobetasoli, ile ile inayotiwa kwenye krimu za kung'arisha watu. Kwa mtoto mdogo inapenya ngozi hadi mwilini. Kuweni macho pia na zile krimu za mchanganyiko za duka la dawa, zenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria kwenye tyubu moja. Kama kumbe ni fangasi, steroidi inamficha tu huku anatambaa.

Lakini nisije nikakutia hofu ya upande wa pili. Baada ya kile kikopo nilitupa hata haidrokotisoni ya asilimia 1 aliyoandikiwa, na mtoto akateseka mwezi mzima bure. Steroidi hafifu, kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa, inazima moto. Kipimo chenyewe: kamua krimu kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, na vidole vyake. Ikitulia, unabaki na mafuta ya kulainisha ngozi tu. Mafuta ndiyo kazi ya kila siku, hata siku ambayo ngozi ni nzuri, na kwa wingi kuliko tulivyozoea. Kule tulikuwa tunaambiwa gramu 250 kwa wiki kwa mtoto. Omba makopo ya nusu kilo huko huko, uyaweke kwenye begi kubwa. Yakiisha, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yapo kila duka.

Sasa joto. Unyevu wa Dar ulimsaidia wangu, mipasuko ilifunga. Jasho ndilo adui. Likikaukia mwilini linawasha, na shingo ndiyo inaanza. Usisubiri jioni, msuuze mchana kwa maji ya kawaida bila sabuni, mkaushe kwa kumgusagusa, mpake kabla ngozi haijakauka kabisa. Mchana mpake krimu nyepesi, mafuta mazito yaache ya usiku. Sabuni zile za dawa, zinazonukia hospitali, mwambie bibi aziweke mbali.

Na ulizia maji. Hili hakuna aliyeniambia. Nyumba tuliyopanga kwanza ilikuwa na kisima, maji ya chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue vipi. Unaongeza sabuni, na ngozi inabaki na utando unaokaza. Nguo nazo zilikuwa zinakauka ngumu kama turubai, na sabuni ya unga bado iko ndani. Tulipoanza kumwogesha kwa maji ya bomba na kusuuza nguo zake mara mbili, wiki haikuisha nikaona tofauti.

Usiku mmoja umeme ulikatika, feni ikasimama. Nikasikia ule mkwaruzo. Nikawasha tochi ya simu: shuka la njano limejaa vidoa vya damu, yeye amelala fofofo, mkono unakuna peke yake. Nilichukua kanga kuukuu, ile iliyofuliwa hadi ikalainika, nikailowesha, nikaikamua, nikamfunika miguu. Alitulia hadi alfajiri. Tangu hapo kanga hiyo ni yake, na kucha nakata kila Jumapili.

Chakula usimkatie kwa kusikia maneno ya watu. Mayai na maziwa muulize daktari kwanza.

Kitu kimoja cha kumwonyesha bibi: picha za huko ngozi huwa nyekundu, lakini kwa watoto wetu inakuwa kahawia iliyoiva, zambarau au kijivu, na vipele vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa. Mabaka meupe yanayobaki si mba. Wala haiambukizi, binamu zake wacheze naye.
Mama wa Tabata

---

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, niko Temeke. Naongeza mawili. Ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yanauma, na mtoto ana homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usilale nayo. Gamba la njano kama asali nalo linataka daktari. Muhimbili kuna kliniki ya ngozi, na mkipanda Moshi, hospitali ya KCMC wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

La pili: mafuta haya yakinywea kwenye nguo na mashuka, nguo hiyo hushika moto upesi. Umeme ukikatika msiweke mshumaa karibu na kitanda chake, na udi wa mbu uwe mbali. Chandarua kinatosha.

---

Asanteni sana, mmenitua mzigo. Nimempigia bibi leo. Kikopo ameahidi hatagusa, ingawa alinyamaza kidogo kwanza. Maji yao ni ya kisima kweli, ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa. Amesema tangi moja la nyuma atalisafisha wiki hii, liwe la mjukuu.
Mama wa watatu