Kiti ya kubembea ya koko inalegea, fundi anataka kuipiga misumari

MwanaNyawera (Bukavu): Jamboni bandugu. Tuko na kiti ya kubembea ya mbao, koko aliipata kwa Wabelgiji mbele ya uhuru, akaiachia baba, sasa iko kwangu. Mbao yake imepindwa duara kabisa, pa kukalia pamesukwa na rotini na pameanza kubonyea. Ukikaa inalia, na mguu moja unacheza. Fundi wa hapa karibu anasema ataipiga misumari, aisugue yote na papye vere, kisha verni mupya. Leki yangu anakubali juu anataka ing'ae, lakini mimi roho inakatala, pale pa kulaza mikono mbao imekuwa laini na nyeusi, ile ni mikono ya koko na ya baba. Munanishauri nini?

FundiKadutu: Yaya, misumari hapana!! Kiti ya kubembea uzito unaenda mbele unarudi nyuma kila mara, musumari unachimba tundu mpaka mbao inapasuka. Mbao ya kupindwa hivyo inapitishwaka kwa mvuke ya moto ndio ikubali kukunjwa, fundi mumoja jina Thonet kule Austria njo alianza kutengeneza za kubembea karibu 1860, kisha viwanda vingine vikafwata. Nyingi zinashikwa na visi, si kole. Kwa hiyo igeuze miguu juu, angalia chini ya pa kukalia kama kuna muhuri ama karatasi ya kiwanda (usiibandue!), kisha kaza visi na turnevisi yenye inaingia sawasawa. Kama tundu limepanuka, chonga kijiti, paka kole, ingiza, acha ikauke mpaka kesho, ndio urudishe visi ile ile.

MamaKatuba (Lubumbashi): Fundi amesema kweli. Ya kwetu ni ya mulombwa (muti wa mbao ngumu), ile ilichongwa na kuunganishwa na kole, huku kipwa ikikaza mbao inanyauka na viungo vyote vinaachia. Kole ya zamani ilikuwa ya ngozi na mifupa, kitambaa cha maji ya moto kinailainisha, unaitoa yote ndio unapaka mupya. Na ile rotini, kama haijakatika, lowanisha kwa chini na maji ya vuguvugu, mutu asiikalie mpaka ikauke, itajivuta yenyewe. Papye vere sahau. Futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nta ya nyuki, na usijaribu alkoli, juu verni ya zamani nyingi zinayeyuka nayo.

Himbi_Goma: Ya kwetu lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilimeza na nyumba nzima, hatukubakia hata na foto. Piga foto leo mbele ya kuigusa, na uite leki yako mukubaliane nani ataichunga, juu nimeona bandugu wakigombana kwa kiti baada ya matanga.

MwanaNyawera: Aksanti sana wote. Nimegeuza, ni visi kweli, moja haiko kabisa. FundiKadutu, Bukavu naweza kupata visi ya zamani ya kichwa bapa wapi?

FundiKadutu: Pitia soko ya Kadutu kwa wenye kuuza vyuma vya kale, beba moja ya zile zingine ulinganishe.