Kesi ya Pitchfork: DNA ilimnasaje?

Mdadisi: Wakuu, ile kesi ya wasichana wawili waliouawa Leicestershire, Uingereza: kijana alikiri kuua, mbona aliachiwa?

Kobe: Alikiri mauaji ya 1986, akakana ya 1983. Mwanasayansi Alec Jeffreys akapima DNA ya shahawa za matukio yote mawili: mwanamume mmoja, na si huyo kijana. Kukiri pekee ni ushahidi dhaifu.

Mzizi: Kisha polisi wakachukua damu na mate ya wanaume zaidi ya 5,000. Walichuja kwanza kwa kundi la damu. Waliolingana tu ndio wakapimwa DNA. Wapi! Colin Pitchfork, muuaji mwenyewe, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa pasipoti iliyobadilishwa picha. Maabara haikukosea, tatizo lilikuwa mezani pa kuhakiki vitambulisho.

Kobe: Soga za huyo mfanyakazi mwenzake baa ndizo zilizomfichua Pitchfork, 1987. Januari 1988 akafungwa maisha.