Bendi 20 kwenye simu ya Snapdragon

Wakuu, simu yangu yenye chipu ya Snapdragon, ya soko la Marekani, haishiki 4G ya 800 MHz. Naweza kuifungulia bendi 20 (yaani masafa hayo ya 800 MHz)?

— Kwanza hifadhi nakala ya QCN (faili la mipangilio ya modemu) kwa QPST, programu ya kompyuta ya simu za Qualcomm. Usiruke hapo: EFS (sehemu ya kumbukumbu yenye data za modemu) ikiharibika, IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inapotea. Simu iwe na ruti (ruhusa kamili ya mfumo), kisha washa diag, njia ya kompyuta kuongea na modemu, kwa amri hii: setprop sys.usb.config diag,adb. Kwenye NV 6828, kipengele cha kumbukumbu ya modemu ambacho kila biti yake ni bendi moja ya 4G, jumlisha 524288 (2 kwa kipeo cha 19, biti ya bendi 20) na thamani iliyopo, usiifute. Baiti huandikwa kuanzia ile yenye thamani ndogo. Zima simu, washa.

— Kabla ya hayo tazama mchoro wa sakiti wa modeli yako. Bodi isiyo na kichujio na amplifaya za 791–862 MHz itaonyesha bendi kwenye menyu, mtandao hamna. Hapo programu haisaidii kitu.

— Na usiwashe biti zote kwa pamoja. Modemu inaweza kujizima na kujiwasha mfululizo.